Chuma cha Paja la Kushoto

Nyumbani, 3 Februari

Kwako mke wangu mdogo, Chura,

Nakuandikia nikiwa mzima wa kuzidi. Nakula, nalala, nagombana na watu. Natumaini na wewe huko uliko unakula, maana kwenye picha uliyotuma umekonda mpaka nikamuuliza jirani yangu fundi viatu kama na yeye anaona miwani tu ndani ya koti jeupe. Kasema anaona na pua. Basi pua hiyo ni yangu, itunze.

Habari za hapa. Mama yako hajambo, alipita wiki iliyopita, kanifulia mapazia bila kuulizwa, kasema nyumba inanuka. Mdogo wako kapata leseni ya udereva, alifeli mara mbili lakini akisimulia utadhani amefaulu mara tatu. Huyo ni damu yangu kabisa. Simu usininunulie nyingine. Ile ya mwisho iko chini ya tangi la shule, na ya kabla yake iko chini ya tangi la kiwanda cha sabuni. Mimi na simu tumeachana kwa amani, kila mtu na maisha yake.

Fundi viatu ndiye aliyenisomea barua yako, maana mwandiko wako umekuwa wa kidaktari. Kasoma, kasimama, kavua miwani, kasema, "Mzee, hapa panasema mjukuu wako kazi yake ni kukuza utelezi." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Maisha yangu yote nimekwangua utelezi kwenye matangi na mabomba ya watu, nimekwangua mpaka vidole vikawa havina alama, leo mjukuu wangu anapewa koti jeupe na kiti cha kuzunguka ili aufuge.

Sasa nikwambie kitu, ukamwambie Profesa wako, na usisahau kusema umekitoa kwa nani. Kulikuwa na hoteli moja kubwa, maji yao yananuka. Meneja anamwaga dawa ya maji kwenye tangi, ndoo juu ya ndoo, wageni wanaoga wanatoka macho mekundu kama wamefiwa, na harufu haiondoki. Wakaita mafundi wenye magari, wakashindwa. Mwishowe wakaniita mimi. Nikaingiza mkono kwenye bomba, nikautoa na utelezi kama kamasi la ng'ombe. Nikamwambia, "Bwana meneja, dawa yako inaua wale wanaoogelea. Waliolala ukutani wamejifunika blanketi, hawana habari na wewe." Nikachukua brashi yenye waya mrefu, nikaisukuma ndani ya bomba lile kwa nguvu zangu za ujana, ambazo nilikuwa nazo nyingi, muulize yeyote.

Kosa ni moja tu. Nilisahau kufunga koki za juu. Utelezi wote ukabanduka kwa pamoja, ukaenda kutokea kwenye kila bafu la jengo lile. Kuna bwana mmoja alishuka ngazi na taulo, ana sabuni kichwani na kitu cha kijani begani, ananitafuta kwa jina. Nilitoka pale mbio, na tangu siku hiyo naingia kwenye jengo nafunga koki zote kwanza, hata kama nimekuja kusalimia.

Mbio hizo nilikuwa bado sijaanguka, unajua. Nilipoanguka kutoka ghorofa ya nne, na tangi tupu likinifuata kwa nyuma kama mbwa, ndipo wakanitia hiki chuma cha paja. Mtu mwingine angekufa.

Sasa nije kwenye jambo. Nina rafiki yangu, humjui. Ana chuma mwilini kama mimi, na hapo penye chuma panatoa majimaji, kidogo tu, si ya kutisha mtu. Anakunywa vidonge, panakauka. Anaacha, panarudi. Kabadilisha vidonge, ikawa vilevile. Anauliza ni kidonge gani kikali kuliko vyote. Angekuandikia mwenyewe lakini ni mtu mwoga.

Ni mimi mume wako, asiye na mpinzani.


Maabara, 1 Machi

Kwako mume wangu mzee, mwenye wivu na Profesa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikacheka peke yangu kwenye korido, watu wakanipisha. Mimi mzima, nakula, tatizo la ile picha ni koti, wanashona la saizi moja kwa watu wote. Mpe hongera dereva wetu, na umwambie nikija nitapanda basi.

Ghorofa ya nne, Babu? Mwaka juzi ilikuwa ya pili. Na Bibi alikuwa akisema ni ngazi ya kupakia rangi.

Ile hoteli nimempelekea Profesa mzimamzima, hadi bwana wa taulo. Kasema hajawahi kusikia mtu akiieleza vizuri vile, na kanituma nikuombe ruhusa ya kuwasimulia wanafunzi. Usivimbe kichwa, mlango wako ni mdogo.

Kazi yangu ni hivi. Nina vipande vidogo vya chuma, aina ileile wanayotengenezea vyuma vya mifupa. Naviweka kwenye mrija, napitisha maji yenye bakteria. Mwanzo wanaogelea, kila mtu na lwake. Halafu mmoja anagusa chuma, anashika. Mwingine anashika juu ya mwenzake. Wakishakuwa wengi wanatoa ute, wanajifunika, wanatulia. Nikimwaga dawa, maji yanakuwa meupe safi, ungedhani nimeshinda. Nikichomoa chuma bado kinateleza. Humo ndani dawa haifiki vizuri, na inayofika inawakuta wamelala, na aliyelala hanywi sumu. Ninachotafuta ni kitu cha kuulegeza ule ute ili dawa ipite. Ndiyo hivyo tu. Nashinda naiangalia mirija hata saa ambazo hakuna cha kuangalia. Mwenzangu ninayeshirikiana naye chumba kasema natembea kama mtu anayesubiri basi lililokwisha kupita.

Sasa rafiki yako. Chuma chake kiko wapi mwilini? Majimaji yana rangi gani? Anapata homa? Hakuna kidonge kikali kuliko vyote, kuna kidonge sahihi, na hawezi kukijua bila kupimwa. Asinunue tena vya dukani, na alivyopewa asiviache katikati. Aende kwa daktari wa mifupa, na aende mapema.

Na mama kasema nyumba inanuka. Inanuka nini, Babu?

Mkeo asiyelala vizuri,
Chura


Nyumbani, 22 Machi

Kwako Chura mwenye maswali,

Hapa wote tunapumua, na wanaopumua kwa shida ni wale waliokuwa hivyo tangu zamani. Paa la jikoni limetoboka, nimeweka sufuria chini, mvua ikinyesha napata maji ya chai bila kwenda bombani. Mama yako kamletea fundi viatu viatu vya kushona, vikakaa kwake mpaka vikapitwa na wakati.

Mwambie Profesa ruhusa nimempa, ila asipunguze. Na ngazi ya kupakia rangi ni maneno ya bibi yako, alikuwa ananionea gere. Ilikuwa ghorofa ya tano ukihesabu na ya chini.

Nyumba inanuka gundi ya fundi viatu. Madirisha yetu yanaangaliana.

Umempigia fundi viatu simu. Usibishe, kaniambia mwenyewe, kaja hapa anatazama kucha zake kama mtoto aliyevunja kikombe. Eti ulimuuliza kama natembea. Natembea. Nimemkataza kupokea simu zako, na nimemwambia akipokea nitahamisha viatu vyangu kwa fundi mwingine, na anajua mimi ndiye mteja wake anayelipa kwa hadithi.

Rafiki yangu anasema asante kwa ushauri. Kwa daktari wa mifupa alishakwenda, asikudanganye mtu kwamba ni mwoga. Daktari kamtazama, kapiga picha, kasema chuma kitoke, mfupa ukwanguliwe, halafu adungwe dawa wiki nyingi. Rafiki yangu kamwambia asante, kavaa kofia yake, kaondoka. Chuma amekaa nacho miaka. Kinamwambia mvua inakuja kabla ya redio. Kikitolewa mguu utakunjika kama kiti cha kukunja, na mtu aliyekuwa akipanda matangi atapelekwa chooni kwa kushikwa mkono.

Vidonge asiviache katikati, unasema. Ninyi wasomi mna vyakula vya kuchezea. Mimi kwenye kazi nikipewa ndoo ya dawa, tangi likiwa safi kwa nusu, nusu nyingine naitunza kwa tangi lijalo. Huo ndio ufundi. Rafiki yangu anafanya vivyo hivyo. Panapokauka tu, vilivyobaki anavitia kwenye kopo la majani ya chai. Mpaka sasa kopo lina vyekundu, vyeupe, na vile vya rangi mbili kama jezi. Akizidiwa anachagua. Na fundi viatu akiumwa jino naye anapata viwili vitatu, kwa hiyo ni msaada kwa mtaa mzima.

Lakini hicho ulichosema cha kulegeza ute, hicho ndicho. Nilikisoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Nitumie kichupa kimoja, Chura. Kidogo tu. Unaweza kukitia ndani ya soksi, nani atajua. Nitakidondoshea penye tundu la mguu wangu, wa rafiki yangu, halafu naweka vidonge juu, na hakuna kisu wala wodi. Utakuwa umemaliza utafiti wako na mimi nitakuwa wa kwanza duniani. Watabandika picha yangu ukutani karibu na ya Profesa, yangu juu.

Usichelewe kujibu. Rafiki yangu usiku anatetemeka kidogo, ila anasema ni baridi.

Mume wako.


Maabara, 17 Aprili

Kwako Babu,

Shikamoo. Nimechelewa, najua. Mimi mzima. Mwenzangu wa chumba mzima, kanunua feni inayolia kuliko inavyopuliza. Huku mvua bado, labda muulize huyo mwenye chuma.

Barua yako nimetembea nayo kwenye mfuko wa koti. Nimeijibu mara nyingi, nachana, naanza tena. Nikikaa nasimama. Nikisimama naenda kuangalia mirija, narudi, naangalia tena.

Kichupa ninacho. Kinakaa kwenye friji, rafu ya chini, na mimi nina ufunguo. Nilikitoa. Nilikishika mpaka kikapata joto la mkono, yaani kikaharibika, nikakimwaga, nikatoa kingine. Nilitafuta mpaka boksi la kukifungia, nikaandika jina lako juu. Ujue nilifika mpaka hapo, usije ukadhani nilikataa kirahisi.

Dawa hii haijaingia kwenye mwili wa mtu yeyote. Imepita kwenye mrija wa plastiki, basi. Hatujui ikikutana na damu inafanya nini. Na hata kama yenyewe haina ubaya, kazi yake ni kulegeza. Ikishaulegeza ute, wale waliolala wanatoka wote kwa wakati mmoja. Kwenye mrija wangu wanaangukia dawa niliyokwisha kuiandaa, wanakufa. Kwa rafiki yako wataangukia wapi? Kwenye damu, na damu inapita moyoni, kwenye figo, kila mahali. Vidonge vya kopo havitawazuia, wanavifahamu.

Unakumbuka hoteli? Unaniomba nisukume brashi na koki zote za juu ziko wazi.

Sikutumii, Babu. Nikasirikie, nitakuelewa. Mtetemo huo si baridi. Aende hospitali. Asingoje barua yangu nyingine.

Na umwambie huyo rafiki yako kwamba nampenda sana.

Chura


Nyumbani, 25 Aprili

Mjukuu,

Barua nimeipata. Hapa wazima.

Kichupa baki nacho. Sikujua naomba kwa mtu gani.

Hao wenzako wanataka kunipasua. Bibi yako aliingia kwenye jengo lile la hospitali kwa miguu yake, kabeba mkoba wake mwenyewe, kaniambia nisisahau kuzima jiko. Jiko nilizima.

Mambo ya mguu tusiandikiane tena.

Babu yako


Maabara, 2 Mei

Kwako Babu yangu,

Shikamoo. Salamu za wote utazipata kwa mama, nimemwambia apite leo, na kesho, na kila siku mpaka umfukuze.

Barua yako haina ghorofa hata moja. Nimeigeuza nyuma nikaangalia. Haina utani, haina fundi viatu, hukuniita mke wala Chura. Homa nimeiogopa, lakini hicho ndicho kilichonikalisha chini.

Umemtaja Bibi. Hatujawahi kumzungumza, mimi na wewe. Tukikutana tunacheka sana ili tusimzungumze. Basi leo nasema, na wewe ukitaka uichane hii karatasi ukifika hapa.

Walimwekea mpira wa mkojo. Mpira ukakaa. Mimi ndiye niliyekuwa namwaga ile chupa yake, na siku moja nikauinua mpira kwenye mwanga wa dirisha, nikaona ndani kuna utelezi, mwembamba, sawasawa na ule ulionionyesha kwenye bomba nilipokuwa mdogo, ukaniambia nikiugusa nitageuka chura. Nikamwambia nesi. Kasema wanamdunga dawa. Wakadunga ya kwanza, ya pili, wakaandika ya tatu, na wewe ukawa unakimbia mjini kuitafuta, unarudi na jasho, unanikabidhi kama umeleta maji ya moto. Hakuna iliyosikilizwa. Hukuwahi kuniuliza kwa nini nafuga utelezi. Ni kwa sababu hiyo.

Lakini kule, Babu, hakuna aliyekitoa kile kitu. Mpira ulibaki ndani mpaka mwisho. Wewe wanataka kukitoa. Unaogopa mlango uleule, na mimi nauogopa, ila safari hii wanaokungoja ndani wameshika brashi.

Na chuma chako hakifanyi kazi. Nimezungumza na daktari wako wa mifupa, ana picha yako mezani. Mfupa ulishaungana miaka mingi iliyopita, unajishika wenyewe. Mguu hautakunjika. Chuma kimekaa tu humo, kinawapa wale watu ukuta wa kulalia. Ungekuta bomba kuukuu ndani ya tangi la mtu, halileti maji wala halitoi, limejaa utelezi, ungelifanyaje? Usinijibu mimi. Ungemcheka mwenye tangi.

Lile kopo la chai ndilo linalonifanya nizunguke chumba. Kila unapoacha vidonge katikati, wanaobaki ni wale waliovizoea. Halafu unawapa tena, wanavizoea zaidi. Umewasomesha darasa hadi darasa, wewe uliyetoka shule kupitia dirishani. Imebaki dawa ngapi wasiyoijua, sijui. Kila wiki unayongoja naona inapungua.

Nimeomba ruhusa, nimepewa. Nakuja katikati ya mwezi. Nikikukuta wodini nitashukuru. Nikikukuta umekaa nje na fundi viatu, nitawapiga wote wawili kwa kiatu.

Chura


Nyumbani, 10 Mei

Chura,

Wazima. Mama yako sijamfukuza.

Nimekwenda. Daktari ni kijana, ana ndevu kama mswaki uliochakaa. Kaniuliza nilianguka kutoka wapi, nikamwambia sikumbuki. Wananilaza Jumatatu.

Nimefunga koki zote za nyumba. Njoo. Jiko nimezima.

Babu


Maabara, 19 Juni

Kwako mume wangu wa wodi namba tatu,

Shikamoo na pole na dripu. Nimefika salama, basi liliharibika mara moja tu. Chumba nimekikuta na vumbi, mwenzangu kafunga feni yake kwa kamba ili isitembee.

Kwanza asante kwa kumruhusu daktari anitumie kipande cha kile kilichokwanguliwa kwenye chuma. Nimekaa na wakazi wako hapa. Babu, sijawahi kukutana na watu kama hao. Vyekundu vya kopo wanavinywa kama uji. Vyeupe vivyo hivyo. Vile vya jezi wanaviangalia tu. Profesa kawapa jina, anawaita Wazee, na wanafunzi wanaogopa kuwagusa. Dawa yangu ya kulegeza inawabandua nusu, nusu wanabaki wameshika. Ningekutumia kile kichupa wakiwa bado ndani yako ningekuwa nimeshakuua, nikilala nawaza hilo.

Wanaisikia dawa moja tu kati ya zile zote tulizojaribu, na ndiyo hiyo inayoingia kwenye mkono wako sasa. Baada yake wakirudi sijui tutawapa nini. Kwa hiyo utaimaliza. Hata mguu ukikauka, hata ukijisikia kucheza ngoma, utaimaliza mpaka daktari mwenyewe aseme basi. Ukirudi nyumbani na vidonge vyao ni hivyohivyo. Usitunze hata kimoja kwa tangi lijalo. Tangi ni hilihili.

Daktari kasema jeraha linafunga na damu inaonyesha kutulia, lakini anasema bado mapema. Mimi ninapima kwa kitu kingine. Siku zote nilizokaa pale, mgonjwa wa kitanda cha pili akikuuliza habari za mguu unamwambia "ajali" halafu unageukia ukuta. Hujamsimulia mtu hata mmoja.

Nakuwaza huku nimesimama,
Chura


Nyumbani, 30 Agosti

Kwako mke wangu mdogo, Chura, bingwa wa kufuga wazee,

Sogeza kiti ukae, maana nina mengi na wino ninao. Mimi mzima, safari hii mzima wa kweli. Mama yako kaja kuhamia kwa muda, kabadilisha mahali pa kila kitu, chumvi natafuta kwa fimbo. Mdogo wako kanitoa hospitali kwa gari la kuazima, na hajagonga kitu ila geti, na geti lenyewe lilikuwa limekaa vibaya. Paa la jikoni limezibwa. Sasa chai nachemsha kwa maji ya bomba kama watu wengine.

Dawa nimemaliza. Nilimaliza ile ya kudungwa, mishipa ikaisha mkononi wakahamia mkono wa pili. Nikamaliza na vidonge, hata vile vilivyokuwa vinanifanya nione chakula kama adui. Mara mbili paja lilikuwa kavu kabisa, mkono ukataka kwenda kwenye kopo wenyewe, kwa mazoea tu. Nikauweka chini ya makalio nikaukalia. Juzi daktari wa ndevu kapima damu, kabonyeza mguu kila upande, kasema basi. Kasema pia atanitazama mwaka mzima, maana Wazee wana tabia ya kurudi bila hodi. Nikamwambia anitazame tu, mimi ni mzuri kutazamwa.

Mguu haukukunjika. Nilipokanyaga mara ya kwanza nilifumba macho nikangoja. Sasa natembea na gongo moja, na hilo moja ni la kuwanyooshea watu kidole. Ila mvua sasa naambiwa na redio kama kila mtu, na hilo limeniuma kidogo.

Chuma walinipa, wamekichemsha. Nilidhani kikubwa. Chembamba bwana, kama mpini wa upawa. Nimekitundika juu ya mlango. Nilikiangalia jioni moja nikamwambia bibi yako mambo fulani, hayakuhusu. Nilimwambia pia jiko nilizima, siku ile.

Fundi viatu alikuja na shavu limevimba, jino lile lile, anaomba vya jezi. Nikamshika mkono nikampeleka kwa daktari wa meno mwenyewe, mimi na gongo langu, tunapita barabarani kama msafara. Jino liling'olewa, lilikuwa limeoza mpaka mizizi, na miezi yote hiyo nilikuwa naligawia vidonge vyangu. Vile vya kwenye kopo nilivirudisha dirisha la dawa hospitali, yule dada kavipokea kwa kijiti kama nimemletea nge. Kopo nimeliosha. Sasa lina majani ya chai.

Wasalimie Wazee wangu kwenye mirija yao. Waulize kama huko wamepata ukuta mzuri kama nilivyowapa mimi. Wakikushinda usiharakishe, na usisimame siku nzima, Chura, kaa. Wale wamekulia mahali pagumu.

Na huyo Profesa akiwauliza wanafunzi wake walitoka wapi, wasiseme hospitali wala wodi namba tatu. Waseme walitoka kwenye paja la kushoto la mtu aliyeanguka kutoka ghorofa ya tisa, na tangi lililokuwa likimfuata nyuma lilikuwa limejaa.

Ni mimi mume wako, asiye na mpinzani.